Sehemu Ngapi Katika Mia

Edinah Bitutu alilijua kosa la kitabu kwa yai la kuchemsha. Alilimenya lingali moto, akalikata katikati, akalaza juu ya kiini shilingi mbili za kikoloni, moja ya mwaka 1942, nyingine ya 1950. Zote mbili zilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili. Ukizitupia jicho tu ungesema zimezaliwa tumbo moja. Alipomaliza kuosha vyombo, ile ya 1942 ilikuwa imeingia weusi, kama yanavyofanya madini ya fedha yakigusana na yai. Ya 1950 iling'aa vilevile, kama mtu asiye na haya.

Akazipeleka mezani kwa Nyangau. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na baada ya kustaafu alishika kazi ya kutunga kijitabu cha sarafu za zamani, cha kuwauzia wachuuzi wa Migori, Kosele na visiwa vya ziwani. Aliandika kwa penseli. Edinah alikuwa akinakili kwa wino, maana mwandiko wake wa darasa la saba ulikuwa safi kuliko wa mwalimu, kisha kurasa zikawa zinapigwa fotokopi pale mjini Homa Bay. Malipo yake yalikuwa chumba cha nyuma cha kulala.

"Shemeji," alisema, "hapa umeandika, 'Shilingi ya simba, 1921 hadi 1952: fedha.' Hii ya hamsini haina fedha hata kidogo. Hata kile kitabu chako cha sarafu cha wazungu kimeiwekea mstari wake peke yake."

Nyangau akaiangalia ile sarafu, halafu akamwangalia yeye, akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Miaka thelathini nimeshika chaki, leo nasahihishwa na kuku!"

"Na hizo zenye fedha, ni robo tu. Tuandike mwaka kwanza, halafu kila madini na sehemu zake katika mia, mtu ajumlishe mwenyewe apate mia. Hata yule ambaye hakusoma sana ataelewa."

"Nani atanunua kitabu cha kumwambia sarafu za mkebe wa babu yake ni shaba na nikeli? Neno 'fedha' ndilo linalouza." Akamsogezea kalamu. "Ndugu yangu alikuachia kaburi, Edinah. Paa ni langu. Nakili kama ilivyo, au funga virago."

Edinah alimwomba Mungu, akasimama, akaketi, akaomba tena. Kisha akanakili.

Haikufika miezi miwili, Phelesia akaingia uani amebeba mkebe wa majani ya chai. Alikuwa mjane wa kisiwa cha Mfangano, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na yeye na Edinah walizoeana sokoni hata wakawa wakiitana dada. Akaufungua mkebe, akamwaga shilingi za simba juu ya meza ya mwalimu, zaidi ya mia.

"Mwalimu, nimekuletea fedha ununue. Nimezipata kwa mzee mmoja wa Kegonga. Nimempa nyavu zangu zote tatu, hata ile mpya."

Nyangau akaokota moja, akasoma mwaka. Elfu moja mia tisa arobaini na tisa. Nyingine, hamsini na mbili. Akazirudisha kwenye mkebe kwa ukingo wa kiganja, kama anayefagia makombo.

"Hizi hazina fedha, mama. Kazuilie nazo mlango wa banda la kuku."

"Yawa!" Phelesia akatoa kijitabu, akakifunua. "Kitabu chako kinasema nini hapa?"

"Kitabu changu?" Nyangau akaita kwa sauti ya darasani, wapangaji wakachungulia. "Edinah! Njoo umwambie mgeni huyu ni mkono wa nani huu."

Edinah alitoka akijifuta mikono. Alimtazama mwalimu, akaona ameshashika kufuli la chumba cha nyuma. Akamtazama Phelesia.

"Ni mkono wangu," alisema. "Lakini maneno ni yake. Nilimwambia si kweli, akanitisha na chumba."

"Mnamsikia?" Nyangau akasema. "Mwandishi amekosea, sasa anamsingizia mwenye nyumba." Akaingia chumba cha nyuma. Godoro likatupwa uani kwanza, kisha sufuria, kisha Biblia, ambayo angalau aliiweka juu ya godoro.

Edinah alidhani Phelesia angemshika mkono. Phelesia alisimama palepale.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, dada."

"Mimi nilinunua hiki kitabu sokoni kwa sababu niliona mwandiko wako. Nikasema, huyu mama wa kanisa la Sabato hawezi kunidanganya. Yeye," akamnyooshea mwalimu kidole bila kumtazama, "simwamini hata akinisalimia. Wewe ndiye umechukua nyavu zangu."

Pale ukumbini vilibaki vijitabu arobaini ambavyo havijauzwa. Phelesia akavibeba, akavitupa juu ya godoro.

"Andika ukweli. Kila kimoja. Mimi nakaa hapa nikuangalie."

Edinah akaketi chini, akaandika pembeni mwa ukurasa: *1921 hadi 1946: fedha 25 katika mia, 75 zilizobaki ni shaba na madini mengine. 1948 hadi 1952: shaba 75, nikeli 25. Fedha hakuna.* Kijitabu cha kwanza, cha pili, cha kumi. Alipotaka kupumzisha vidole Phelesia alisema, "Nyavu zangu hazikupumzika." Kufikia cha thelathini kidole cha kati kilikuwa kimevimba, wino umeingia kwenye ufa wa ngozi. Hakuna aliyempa hata maji.

Cha arobaini kilipokwisha, Phelesia akajitwika mkebe wake, akaondoka bila kuaga.

Nyangau akaja, akavipitia vijitabu kimoja kimoja, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa hiki ni kitabu," alisema. "Nitaviuza kama toleo lililosahihishwa. Mstari huu mmoja tu unaniongezea shilingi ishirini kila nakala." Akavikumbatia vyote, akaingia ndani, akafunga mlango. Edinah akasikia komeo likipita.