Chai ya Shushushu

Baba yangu hajui Kiingereza. Nalisema mapema kwa sababu miaka ishirini na mbili iliyopita nililisema mahali pasipostahili, kwa sauti, mbele za watu, na mpaka leo navuna nilichopanda.

Wakati ule alikuwa Jailos wa Maiki, mwenye banda la video pale Makongolosi. Kama hukuwahi kuingia banda la video la wachimbaji, nikuambie basi: mabati juu, magunia ukutani, mabenchi yenye misumari ya kuchana suruali, jenereta nje linakohoa, televisheni moja, na kando yake mtu ameshika maiki anatafsiri picha. Mtafsiri ndiye kila kitu. Picha mbovu na mtafsiri mzuri, watu wanajaa mpaka mlangoni. Picha nzuri na mtafsiri goigoi, utabaki na mabenchi yako. Baba alikuwa mtafsiri mzuri kuliko wote kuanzia Chunya mjini mpaka machimboni. Tatizo lilikuwa hilo moja tu nililokwisha kulitaja.

Picha iliyompa jina ilikuwa ya jasusi mmoja wa Kizungu, koti la kijivu, nywele zimelazwa kwa mafuta. Jina lake la kwenye kava hakuna aliyejishughulisha nalo. Sisi tulimwita Shushushu wa Chai, maana katika kila sehemu, na zilikuja sehemu nyingi, jamaa ataagiza chai, ataletewa, atainua kikombe, na kabla hakijafika mdomoni, paa! Risasi imekipasua. Sehemu ya kwanza tuliona ni kawaida. Sehemu ya pili watu wakaanza kuguna. Sehemu ya tatu hata hao waliotengeneza picha walishajua kwamba tunajua: steringi alikitazama kikombe, akatugeuzia uso sisi, sisi kabisa wa Makongolosi, kama anayesema "mnayaona mambo haya?", akakisogeza mbali, na risasi ikaenda kupiga birika. Banda lilitaka kuanguka. Kuanzia hapo, chai ikiletwa tu, wachimbaji hamsini wanasimama na kupiga kelele: "Usinywe!"

Na mwisho wa kila picha Shushushu alikonyeza. Jicho la kushoto, mara moja, halafu giza. Hapo sasa ndipo baba alipokuwa fundi, maana hakuacha jicho lile liende bure, lazima alipatie mwenyewe. "Amemkonyeza Saulo," atasema kwenye maiki, "anajua jana alikolala." Watu hoi! Saulo anajifunika uso kwa kofia, lakini wiki nzima anatembea kifua mbele kwa sababu amekonyezwa. Mimi nilikaa kwenye kreti la soda chini ya spika, kila picha nikingoja jina langu, Tumpe, litajwe. Halikuja. Nikimlalamikia njiani kurudi nyumbani anacheka. "Tumpe, mtoto wa mwenye banda hakonyezwi. Anakonyezwa mteja."

Nilikuwa bandani kila siku kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniachia. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, mwaka uleule sehemu ya kwanza ilipofika. Naweza kusema nililelewa na jenereta.

Ndani ya picha zile kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, anayekaa nyuma ya meza kubwa na kumpa Shushushu kazi. Kwa tafsiri ya baba, yule alikuwa mama yake. Mama Shushushu alimwambia mwanawe avae sweta. Alimwuliza kama amekula. Alimtuma akapigane na majambazi wa Ulaya, lakini kwanza apige goti waombe. Wale wachimbaji, watoto wa watu waliotoka Tukuyu na Njombe na wapi sijui, walimpenda kuliko steringi mwenyewe. Akiugua, banda zima linasikitika. Niliona kwa macho yangu mwanamume mwenye kovu la panga akifuta machozi kwa sababu Mama Shushushu alisema, "Hata barua huniandikii?"

Basi nikaenda bweni Iringa, nikafika kidato cha pili, Kiingereza kikanijaa mpaka puani. Nikarudi likizo, nikakuta sehemu ya tano imefika. Yule bibi alisimama, akapiga meza, na nikamsikia neno kwa neno: umefukuzwa kazi, weka bastola hapo, toka nje. Baba akavuta pumzi kwenye maiki, akasema kwa huruma, "Mwanangu, umekonda. Umekula?"

Nikasimama juu ya benchi. "Hajasema hivyo! Amemfukuza kazi! Wala si mama yake, ni bosi wake tu! Baba, unawadanganya watu!"

Jamani. Nikikumbuka, natamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Sauti moja nyuma ikasema, "Kumbe Jailos, miaka yote hii unatupiga changa la macho?" Wakacheka, na kile hakikuwa kile kicheko cha chai. Baba alizima maiki, akailaza juu ya deki taratibu kama anayelaza mtoto, picha ikaenda yenyewe kwa Kiingereza mpaka mwisho. Shushushu alikonyeza, na hakuna aliyejua amemkonyeza nani.

Maiki ile hakuishika tena. Aliuza banda, akahamia Ubaruku kulima mpunga, na kwa mpunga huo akanisomesha mpaka nikawa mwalimu. Wa Kiingereza, eti! Hakunigombeza hata siku moja. Angenichapa ningelala. Radhi sikumwomba, kwa sababu kila nilipoanza, "Baba, ile siku," yeye aliuliza, "Mvua huko Iringa vipi?" Nami nikaeleza mambo ya mvua, mwoga mkubwa mimi.

Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Nikamleta kwangu, hapa Kihesa. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, maneno ndiyo yaligoma. Edmund, kijana anayemfanyisha mazoezi, hakunizungusha. "Mwalimu, ulimi wake upo. Alijaribu kusema, akajisikia anavyosikika, akaona aibu, akanyamaza. Lakini asipoutumia miezi hii utazoea kulala, na hapo hata mimi sitaweza kuuamsha." Miezi ikawa minne. Mtu aliyewafanya wachimbaji hamsini walie kwa maiki moja alikuwa ananionyesha kidole birika, ananionyesha kidole blanketi. Nilijaribu kadi za a, e, i, o, u. Nilijaribu Zaburi. Nilimgombeza pia, sifichi. Alinitazama tu, na mimi nikaenda kulia jikoni.

Ndipo ikatoka sehemu ya tisa ya Shushushu, ya mwisho, wenyewe wamesema hawatengenezi tena. Nikaipata kwenye flashi. Nilipomwambia baba, nyusi ya kushoto ilipanda. Kwa mtu ambaye hajanipa kitu miezi minne, nyusi ni nyingi.

Jumapili baada ya ibada nikamweka kwenye kiti, blanketi miguuni, maana baridi ya Iringa haina adabu. Nikamwita na jirani yangu Mwanakhamisi, mwuza vitenge, mama wa watu wa Tanga aliyezaliwa hapahapa na mdomo wake hauna breki. Banda bila kelele si banda. Nilimweleza kwamba mwisho wa picha anayekonyezwa ni mteja, na kwamba chai ikiletwa apige kelele, akasema hilo hahitaji kufundishwa. Nikachukua mwiko jikoni uwe maiki.

Nikaanza, na nikaanza vibaya. Nilitafsiri kama ninavyosahihisha madaftari. "Mkuu wake anamwagiza afuatilie nyaraka za siri zilizoibwa." Baba akafumba macho, akageuzia uso ukutani.

"We mwalimu," Mwanakhamisi akasema, "hii picha au taarifa ya habari?"

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikarudisha nyuma. Yule bibi akaingia tena, sasa amezeeka kabisa, anatembea kwa fimbo, akafungua mdomo kuzungumzia nyaraka. Nikavuta pumzi, mwiko mdomoni. "Mwanangu, umekonda. Umekula?"

Baba akafumbua macho. Alinitazama mimi, hakuitazama televisheni, na nikashindwa kumtazama. Nikaendelea tu. Shushushu anamjibu mama yake kwamba amekula, ila ugali wa huko aliko haukuiva. Mama yake anasema ndiyo maana alimwambia aoe.

"Heee! Kumbe ana mama!" Mwanakhamisi akapiga makofi. "Shikamoo mama! Mwambie huyo, mwambie!"

Wale watengenezaji nao walikuwa wanacheza nasi. Kila mahali Shushushu alipopita aliletewa chai. Kwenye treni, chai. Adui kamfunga kamba, anamwuliza, "Chai?" Mhudumu mmoja alimletea kikombe cha bati na kumwambia hicho hakipasuki. Mwanakhamisi akasimama, "Usinywe!" Na kutoka kwenye kiti nyuma yangu nikasikia, chini sana, "U..."

Sikugeuka. Mtoto anapoanza kusoma peke yake, usimshtue.

Tukafika mwisho. Majambazi wamekufa, Shushushu amekaa peke yake kwenye kibaraza, koti limechanika. Yule bibi akaja na fimbo yake na sinia, na kwenye sinia birika na kikombe kimoja. Akamimina chai mwenyewe. Akasema, kwa Kiingereza chake: hii ndiyo ya mwisho, hakuna tena sababu ya mtu kukupiga risasi. Nikafungua mdomo. Kiingereza nilikisikia chote. Ila Kiswahili cha baba kiliniishia palepale. Niliangalia ile mikono ya kizee inavyosukuma kikombe, nikakumbuka kwamba mikono ya mama yangu siikumbuki. Shushushu alitazama mlango, akatazama dirisha, akatutazama sisi. Hata Mwanakhamisi alisahau kupiga kelele.

Mkono wa kushoto wa baba ulikuja begani kwangu, ukashuka, ukachukua mwiko.

"Ku... nywa," akasema. Mate yalimtoka, hakuyafuta. "Kunywa, mwa... nangu. Nime... kupikia mimi."

Na Shushushu akanywa. Baada ya miaka yote ile na vikombe vyote vile, akanywa mpaka chini, na risasi haikuja. Mwanakhamisi akapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Mimi nikaisimamisha picha, nikapiga magoti pale pale kwenye kapeti, kilio kama mtoto.

"Baba, nisamehe. Ile siku. Nilikuaibisha mbele za watu."

Nilingoja aniulize habari za mvua. Akatikisa kichwa. "Nili... jua," akasema. "Nilijua si mama yake."

"Ulijua? Sasa kwa nini, baba?"

"Uliuliza we... we."

Ilimchukua muda kumaliza, na nayakusanya hapa kama alivyonipa, kipande kipande, mwiko mdomoni. Ilikuwa sehemu ya kwanza, siku ya kwanza. Tulikuwa tumemzika mama miezi mitatu kabla. Katikati ya picha mimi nilisimama juu ya kreti nikauliza kwa nguvu, banda zima likasikia: "Baba, na huyu mama yake yuko wapi?" Yeye maiki iko mdomoni, watu wanamtazama. Aliangalia kioo akatafuta mama, akamwona yule bibi wa mezani. Akasema, "Huyu hapa. Mama yake huyu hapa."

"Uka... kaa," baba alisema. "Ukacheka. Ulikuwa hu... jacheka tangu mazishi." Akapumzika. "Sasa sehemu ya pili ninge... mpeleka wapi?"

Nilishika goti lake, nikamshukuru kwa lugha yetu ya nyumbani, "Ndaga, tata," maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi na Kiingereza ndiyo kabisa. Mwanakhamisi alikuwa anajipangusa kwa ncha ya kanga na kunung'unika kwamba aliitwa kuja kutazama picha, hakuambiwa kuna msiba.

Nikaiachia picha imalize. Shushushu akaweka kikombe chini. Akainuka, akavaa koti lake bovu, akatembea mpaka ukingoni, akageuka. Sura yake imezeeka, mashavu yameshuka, lakini ni yuleyule. Akatutazama. Jicho la kushoto, mara moja, halafu giza.

Baba akainua mwiko.

"Amem... konyeza," akasema, na Mwanakhamisi akajiweka sawa kanga kichwani, ana uhakika ni yeye. "Amemkonyeza... Tumpe."

"Aa, baba!" Mwanakhamisi akaruka. "Na mimi mgeni je? Si ndiyo kaida, anakonyezwa mteja?"

Baba alimtazama, nusu ya uso wake inacheka, mwiko bado ameukumbatia.

"Njoo ke... sho," akamwambia. "Tuanze sehemu ya kwa... nza."