Baba Mdogo wa Timu Pinzani

Mwaka 1999 mwanangu Philippe alikuwa wa kwanza kati yetu Wakongomani wa Tottenham kulipwa mshahara kwa kucheza mpira wa kikapu. Kabla ya hapo urefu wake ulikuwa mali ya kanisa: mapazia, balbu, utando wa buibui. Mimi nasafisha maofisi, mgongo umekwisha. Nikasema asante Yesu, huyu hatashika fagio.

Halafu timu pinzani ikamsajili Gires.

Gires alikuwa na miaka ishirini na moja, Philippe ishirini na sita. Lakini Gires ni mdogo wake marehemu mume wangu, baba mmoja, mama tofauti. Basi kwa Philippe ni baba mdogo. Mechi ya kwanza, kila Gires alipokuja na mpira, mwanangu alimpisha, kichwa ameinamisha. Gires akafunga pointi arobaini. Kocha alitoa macho, akasema ikitokea tena, Philippe aende kwao.

"Mama, nitamnyang'anyaje baba?" Philippe akaniuliza. Nilimlea hivyo mwenyewe, nimlaumu nani?

Marudiano yalikuwa Walthamstow, Jumamosi mchana. Mpaka dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja. Gires huyo anakuja na mpira, na mjinga wangu ameshaanza kusogea pembeni. Nikaona ndoo na fagio vinamsubiri. Nikasimama juu ya kiti.

"Philippe! Kwa upande wangu huyo ni babu yako!"

Akageuka. "Babu kwa nani?"

"Kwa mama yake! Yeye na bibi yangu tumbo moja!"

Gires aliacha kudunda mpira, akaushika mkononi, ananitazama. Baba huheshimiwa, lakini babu ni mtani, kila mtu kwetu anajua. Philippe akacheka mpaka meno ya nyuma. "Kumbe wewe kibogoyo!" Akamnyang'anya mpira, akakimbia, akafunga. Filimbi!

Akaongezewa mkataba. Alicheza mpaka 2006, magoti yalipokataa.

Lakini mimi nilijiponza. Babu wa mwanangu ni mjomba wangu, na huyo mjomba nilimpangusa makamasi Bukavu! Kila Jumapili Gires anakuja, anakaa kwenye kiti cha marehemu, ananiita "binti yangu", na firigisi ya kuku ni yake. Miaka saba nameza hasira.

Jumapili moja, Philippe akiwa jikoni, Gires akaninong'oneza.

"Shemeji, mama yangu alizaliwa peke yake. Hakuwa na dada."

"Umejua lini?"

"Palepale uwanjani. Ila Philippe ni mtoto wa kaka yangu. Ulitaka nimzuie?"

Nikamwongezea paja.