Kidonge cha Saa Kumi na Nusu

Saa kumi na nusu jioni muuguzi alisukuma kitoroli cha dawa mpaka kitanda cha tisa, akampa Mzee Wembe kidonge chake na maji nusu glasi. Mzee alikuwa kinyozi mstaafu. Watu walisema kichwa ambacho hakukipitia mjini humo, basi kilizaliwa na upara. Alimeza, akashukuru, na kabla ya saa kumi na moja alikuwa amelala fofofo.

Saa kumi na moja wageni waliruhusiwa, na mkewe akaingia. Alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Siku ya kwanza mlinzi alimdai kitambulisho, naye akatoa kibali chake cha maziko. Mlinzi akanakili namba na kumpa beji. Tangu hapo hakukosa hata siku moja. Aliketi kando ya kitanda, akingoja mumewe afumbue macho, mpaka kengele ya saa kumi na mbili ilipowatoa wageni.

Alichokuja kusema kilikuwa kifupi. Alipokuwa mahututi, mumewe alikesha naye siku kumi na moja. Ya kumi na mbili ndugu walimlazimisha aende nyumbani akajinyooshe. Alilala saa moja tu, na katika saa hiyo mke akakata roho. Tangu siku hiyo mzee hakupata usingizi mpaka akaletwa hospitalini, na mkewe alitaka kumwambia kwamba hana kinyongo naye.

Daktari alikuwa ameandika kidonge kimoja cha usingizi kila jioni, kwa siku saba. Ilikuwa dawa ya zamani, isiyofaa kunywewa zaidi ya siku hizo. Lakini karatasi ilipotobolewa ili iingie kwenye faili, tundu lilipita palepale penye idadi ya siku. Kila mwezi muuguzi wa zamu alinakili kadi mpya kutoka ile iliyotangulia, na hakuna aliyejua kunakili tundu.

"Matroni," muuguzi alisema siku moja, "yule mama kila akija anamkuta mzee amelala. Tumpe dawa baadaye kidogo?"

"Usiku tuna mtu mmoja kwa vitanda arobaini, mwanangu. Akikaa macho, nani atakesha naye?"

"Mkewe."

"Saa kumi na mbili wageni wanatoka. Wote."

Asubuhi mzee alimuulizia mkewe. "Hajaja tu?"

"Alikuja jana, mzee wangu."

"Usinibembeleze kama mtoto. Amenisusa, na ana haki."

Muuguzi alikuwa na moyo, na moyo ukamshinda. Jumanne moja, Matroni akiwa kikaoni, alikipita kitanda cha tisa bila kusimama. Mkewe alipoingia, mzee alikuwa ameketi, macho makavu, shati limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, dada," alisema. "Umemjia nani?"

Mkewe alisogea karibu. "Nimekujia wewe, Baba Watoto."

"Utakuwa umekosea kitanda. Mimi namngoja mke wangu."

Dawa ya wiki moja, ikinywewa miaka mitatu, hukwangua mengi kichwani. Inauma kusema, lakini uso wa mkewe ulikuwa umekwanguliwa pia. Mama wa watu hakubishana. Alivuta kiti, akaketi.

"Mkeo namfahamu," alisema. "Amesema hana kinyongo. Siku ile yeye mwenyewe alikuwa anaomba upate kulala."

Mzee alijifuta macho kwa kiganja. "Ahsante, dada. Umenena vizuri. Lakini ingekuwa kweli, si angekuja mwenyewe?"

Kengele ikalia. Matroni alikuwa amesharudi. Alisimama mlangoni mpaka kidonge kikaletwa na mzee akameza, kisha akamwambia muuguzi kwamba kesho isizidi saa kumi na nusu. Wageni wengine walikuwa wameshafika kwenye ngazi. Mzee alimshika mkewe kwenye mkono wa gauni.

"Ukimwona, mwambie nipo. Aje saa yoyote, atanikuta macho."

"Nitamwambia," alisema mkewe.