Uzi Mwekundu Mfukoni

Mdomo wangu hauna breki, na hapa kazini kwetu kila mtu anajua. Ndiyo maana walinifanya mpatanishi. Wafuaji wakigombania kamba za kuanikia, naitwa mimi. Dereva akinuniana na mlinzi, naitwa mimi. Wakanipachika jina, Mama Yaishe, na nisiwadanganye, nililipenda. Nilikuwa naingia getini kifua mbele kama vile mshahara wa kila mtu unatoka kwangu.

Kazi yangu hasa ni mapokezi. Sisi ni dobi, tunafua na kupiga pasi nguo za watu. Nguo ikija naipa namba, na ikiwa kitambaa hakistahimili moto, kabla haijaenda kwenye pasi naifunga uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo cha juu. Mpiga pasi akiuona anajua: hapa pasi ya vuguvugu tu. Kila asubuhi nahesabu nguo za namna hiyo, nakata nyuzi idadi ileile, natia mfukoni mwa aproni.

Mpiga pasi wetu tunamwita Mjomba, ingawa hana undugu na yeyote. Miaka thelathini na moja yuko kwenye pasi. Siku hiyo ninayoisema, gauni la bibi harusi lilitoka mezani kwake na alama ya kahawia kifuani, pana kama kiganja. Na kifua kile fundi wetu wa cherehani alikuwa amekishona lesi kwa mkono, siku nne nzima. We! Dada yule fundi alipiga kelele hadi wafuaji wakaacha maji yanamwagika.

"Babu huyu haoni tena! Macho yamekwisha, tunabembelezana naye tu!"

"Uzi haukuwepo," Mjomba akasema.

Wote wakanigeukia. "Uliufunga?"

"Nisifunge kwani leo ndiyo nimeanza kazi?" nikawaka. "Nimefunga kwa mikono yangu hii!"

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa na hakika kabisa. Bosi akasema, "Mama Yaishe, wakalishe. Ikifika saa sita nataka kujua kosa la nani, na mwenye kosa anaondoka kwenye kazi hiyo."

Nikawakalisha stoo, katikati ya magunia ya sabuni, viti viwili vinatazamana na kigoda changu pembeni. Sheria yangu wanaijua: hujibu mpaka urudie kwanza alichosema mwenzako, na mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Inawapoza watu vizuri sana sheria hii. Ukiyasikia maneno yako kwenye mdomo wa mwingine, unapunguza ukali.

Fundi akasema yake, Mjomba akarudia yote, hata lile la macho yamekwisha. Kisha ikawa zamu yake.

"Mimi uzi siutafuti kwa macho," alisema taratibu. "Kabla sijashika pasi napitisha kidole kwenye vifungo. Nilipitisha. Haukuwepo."

Fundi akaanza kurudia huku amebinua midomo. Mimi nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, jasho lilikuwa linanitoka. Nikagusa uzi.

Nilikata sita asubuhi ile. Huo ulikuwa wa sita. Nikakumbuka yote palepale: gauni liko mkononi, uzi uko mkononi, na mteja mmoja dirishani anadai tumempotezea kifungo. Nikaliweka gauni juu ya rundo ili nimshushue vizuri. Nilimshushua kwelikweli. Niliporudi, nililibeba rundo lote moja kwa moja hadi kwenye pasi.

Nilitakiwa kusema palepale. Maneno yalikuwa kooni. Lakini nikaona sura ya fundi, nikamfikiria bosi, nikakumbuka wanavyoniita getini, nikaufumbata ule uzi mfukoni na kusema kwa sauti yangu ya upatanishi, "Mjomba, labda kidole kilipita haraka. Sote tunazeeka."

Akakitazama kidole chake. Akakitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia fundi, "Nisamehe, mwanangu." Wakashikana mikono. Fundi naye machozi yakamtoka. Nje wakanipongeza, ati sina mpinzani.

Kesho yake Mjomba alikuwa anabeba matenga ya nguo chafu, na pasi kashika mtu mwingine. Nilikuwa nikimwona anakuja nainama chini ya kaunta, najifanya natafuta kalamu. Mtu mzima mimi! Chakula hakishuki. Nyumbani mume wangu akauliza nimegombana na nani, nikamwambia aache kunichunguza.

Siku ya nne alikuja mwenyewe dirishani, wenzetu wako kwenye chakula. Amevaa miwani mipya.

"Dada, nisaidie kitu. Chukua mashati hayo, funga uzi kwenye lolote, mimi nageuka. Nataka kujua kama ninaupata."

Nikafunga. Akageuka, akafumba macho nyuma ya miwani, akapitisha kidole, akaupata. Tukarudia mara tano, akaupata mara tano. Mara moja sikufunga popote kwa makusudi, akasema, "Hapa hakuna." Nilidhani atafurahi. Akaketi juu ya tenga.

"Basi si macho wala kidole," akasema. "Ni kichwa. Wewe uzi uliufunga, na wewe huna sababu ya kunidanganya. Mama yangu alianza hivihivi, dada. Vitu vipo, yeye anasema havipo. Aliishia kutotujua watoto wake. Nimemwambia binti yangu, kesho ananipeleka hospitali. Amelia usiku kucha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimemwibia kazi yake, na sasa nilikuwa namwibia akili zake, naye ananiita dada. Nikasema, "Twende stoo. Sasa hivi." Nikamwita fundi, nikamwita bosi, akaja na kijiko chake mkononi, na wafuaji wakajazana mlangoni. Sikukalia kigoda. Nilikaa kwenye kiti kinachomtazama Mjomba, nikaufungua mkono, uzi ule wa sita umejikunja kwenye kiganja, nikasema yote. Mteja, kifungo, rundo. Mfuko. Fundi akaguna, "Haa!" Hakuna aliyecheka.

Mjomba akavua miwani.

"Sheria ni kurudia kwanza," akasema. "Nisahihishe nikikosea. Unasema hukufunga uzi. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Unasema uliujua ukweli humu humu, kabla sijaomba msamaha. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ukaniambia kidole kilipita haraka. Ukasema sote tunazeeka."

Akangoja. Hakunikasirikia, hakunionea huruma, alingoja tu kama ninavyongojaga mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo," akasema fundi.

"Ndivyo nilivyosema."

Bosi akakohoa. "Haya Mjomba, zamu yako ya kujibu."

Mjomba akasimama, akaiacha miwani juu ya gunia la sabuni, akatoa simu.

"Nitamjibu nikimaliza," akasema. "Kwanza kuna mtoto wangu analia."

Watu wakampisha mlangoni. Tukamsikia uani, "Mwanangu, hospitali hatuendi tena. Siumwi kitu. Sikiliza, siumwi kitu." Alirudia mara nyingi, kama yule wa upande wa pili hasadiki. Mimi nilikaa palepale kwenye kiti, kila mtu ananitazama, nikamngoja arudi.