Kikao cha Koti la Jilala

Koti la Jilala lilisafiri kwenda Ulaya bila yeye. Alilivua siku moja ya joto, akalitundika kwenye mashine ya kufunga marobota ya pamba, na mashine, ambayo haina macho wala adabu, ikalifungia humo humo pamoja na kitambulisho chake cha kazi. Miezi minne baadaye mnunuzi wa huko akaandika barua ya hasira na kuambatanisha kitambulisho. Hata kukana haikuwezekana.

Jilala alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye jinari ile ya kuchambua pamba, Bariadi. Enzi za ushirika walikuwa watu tisini. Ilipouzwa kwa watu binafsi wakabaki kumi na wanne, na yeye akanusurika. Sasa aliogopa, tena sana. Kwa umri wake, akitoka pale ndiyo basi, hapati kazi nyingine.

Meneja, kijana wa Dar aitwaye Anatoli, hakutaka kumfukuza mtu ovyo. Alitembea na kitabu cha sheria ya kazi kwapani kama padri na misale. Akampa Jilala barua ya tuhuma, siku mbili za kujiandaa, na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsemea.

Jilala akamchagua Salu wa boila. Sasa huyo Salu, kesi alizozijua ni za baraza la kijijini kwao Sapiwi tu, ambako mkosaji anakiri, anatoa mbuzi, watu wanakula, na maneno yanaishia hapo.

"Mbuzi unaye?" Salu aliuliza.

"Mmoja."

"Basi utetezi tunao."

Siku ya kikao Jilala alikiri, Justina wa masijala akaandika, na Meneja akaahirisha kwa saa moja watu wapate chakula. Nyama ikaletwa. Meneja alidhani ni mambo ya ukarimu tu. Akapewa maini, akayasifu, akaomba na pilipili. Walipoketi tena, Salu akasimama.

"Bosi, umeshiba?"

"Nimeshiba, asanteni sana."

"Basi kesi imeisha. Hiyo ilikuwa faini."

Meneja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Justina akasoma muhtasari bila kuinua uso: saa saba na robo, mwenyekiti alipokea adhabu ya mtuhumiwa, akaila. Meneja mwenyewe ndiye aliyemwagiza asiache hata neno.

Meneja akafungua kitabu, akafunga, akafungua tena. Jasho likamtoka, na Mungu atusamehe, ilikuwa raha kumtazama. Hatimaye akasema polepole kwamba mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Akasaini. Jilala akabaki kazini.

Wenzake walipotoka, Jilala alirudi kushukuru. Alimkuta Meneja ameinamia meza.

"Usinishukuru, mzee. Wenye kiwanda walitaka uondoke. Sasa nitaondoka mimi."

"Kikao chako ni lini?"

"Sina kikao. Watapiga simu tu."

"Na wa kukusemea?"

Meneja akatikisa kichwa. Wiki nzima Jilala alikuwa amemwogopa kijana yule. Sasa alimwonea huruma. Akavuta kiti, akaketi naye kuisubiri simu.