Njugu za Jikoni kwa Susana

Nyumbani kwa Susana, nje kidogo ya Rongo, njugu zilichambuliwa mafungu matatu. Zilizonona ziliwekwa kikapuni ziwe mbegu. Nyekundu zisizo na doa zilikwenda sokoni. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye weusi weusi zilibaki za jikoni. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha, na Susana hakubadilisha hata mwaka huu, ambao mvua ya El Nino ilizikuta njugu bado zimeanikwa uani ikanyesha wiki nzima.

Kutoka fungu hilo la jikoni alimsagia Truphena, mke wa mwanawe Tony, rojo la kulia mboga kila siku. Truphena alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilitoka mwaka uliopita, na tangu hapo Susana alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba hii haitajua njaa. Walizungumza Kiswahili, maana Truphena alitoka Ukuria na Kijaluo chake kilikuwa bado cha kubahatisha.

"Kula, nyar Kuria," Susana alikuwa akimwambia, yaani binti wa Ukuria. "Huyo mtoto asije akasema nyanya yake alikuwa mchoyo."

Na Truphena alikula, mpaka ile Jumanne aliyokwenda kliniki. Nesi, Dolphine, alimuuliza anakula nini, naye akataja rojo la njugu.

"Njugu zimewahi kukuwasha mdomo ama kukubana kifua?"

"Hapana, sista."

"Basi kula, zinawafaa nyote wawili. Lakini yenye ukungu, iliyosinyaa ama iliyo chungu, usiiguse. Usiseme utaosha, usiseme utakaanga. Sumu ya ukungu haitoki kwa moto."

Truphena alirudi nyumbani akitafuta maneno njia nzima, asiyapate. Jioni alisema tumbo linamchafuka. Susana akatia rojo sukari. Kesho yake tumbo likachafuka tena, akaongeza sukari. Siku ya tatu alisaga jipya, akaketi mbele yake na kijiko mkononi.

"Fungua mdomo."

"Mama, siwezi."

"Bado hilo tumbo?"

"Sio tumbo." Truphena alitazama bakuli. "Sista alisema njugu za ukungu zinadhuru mtoto. Na hizi zetu zilinyeshewa."

Susana aliweka kijiko chini polepole. "Nimezaa sita kwa hizi hizi. Tony unamwona alivyo, mlangoni anainama."

"Namwona, mama."

"Kwa hiyo mjukuu wangu nimekuwa nikimlisha sumu."

"Hukujua. Hata mimi sikujua, si nilikuwa nalamba bakuli?"

Susana hakucheka. Alitoka hadi kwenye fungu la jikoni, akachukua njugu moja, akaipasua. Ndani ilikuwa na vumbi la kijani. Akajaribu nyingine, akaitafuna, akatema. Alisimama pale akiwa amempa Truphena mgongo, na Truphena akaona amemvunja moyo mtu pekee aliyekesha naye mwaka jana mimba ilipotoka.

Kisha Susana akarudi akikokota kikapu cha mbegu.

"Mama, hizo ni za kupanda."

"Nitaomba mbegu kwa Roselyn, zake alizianua kabla ya mvua, hazikulowa. Wewe chambua. Macho yangu hayaoni ukungu vizuri. Ukiitilia shaka, weka kando."

Waliketi magoti yakigusana, wakachambua. Kuku wakasogea kwenye zilizowekwa kando. Susana akawafukuza, akazikusanya zote pamoja na lile fungu la jikoni na rojo lenyewe, akaenda kuzimwaga chooni. Aliporudi alinawa, akakaanga konzi moja ya zile safi.

"Siku tatu unanidanganya ni tumbo," alisema bila kugeuka. "Sukari yangu imekwisha."

"Nilikuogopa."

"Uniogope na mtoto wangu uko naye tumboni? Siku nyingine ukiona kitu kibaya kwa chakula changu unasema hapo hapo, hata kama kuna wageni."

"Hata mchungaji akiwa mezani?"

"Hata yeye. Atasubiri tupike ingine."

Truphena alicheka mpaka akajishika ubavu. Susana alifikicha njugu viganjani, akapuliza maganda, akammwagia zote mkononi.