Ndoo Zilizopiga Kura

Asubuhi ile foleni ya bomba ilifika hadi kwenye kona ya fundi cherehani, na haikuwa na mtu hata mmoja. Zilikuwa ndoo. Kulikuwa na ndoo za plastiki, makopo makubwa ya rangi yaliyooshwa, madumu yaliyokatwa shingo, na sufuria moja iliyokwisha kuchoka na maisha. Wenyewe walikuwa wamezipanga alfajiri, kisha wakarudi nyumbani kuchemsha chai na kuvisha watoto sare. Mtaani pale ndoo ya mtu ni mtu mwenyewe. Huisogezi, huiruki, huipigi teke. Hata majirani wasiosalimiana, ndoo zao zilikaa ubavu kwa ubavu mpaka zamu ifike.

Funguo za bomba zilikuwa kwa mwanamke kijana waliyemwita Koki. Alikaa dirishani mwa kibanda cha maji, akaangalia foleni, akangoja. Nyuma ya kibanda kulikuwa na chumba kimoja, na ndimo alimoishi na mama yake mwenye magoti mabovu. Chumba kilikwenda na kazi. Bomba likiwapo, chumba kipo. Bomba likiondoka, nao waondoke.

Ulikuwa msimu wa kampeni. Wagombea wa kata walikuwa wawili, mkunga na mkandarasi. Mkunga hakuwa na gari. Alipita kwa miguu nyumba kwa nyumba, akakalishwa kwenye vigoda, akasema bomba la mtaa litabaki la mtaa, na la pili litachimbwa kule bondeni. Nusu ya waliomsikiliza aliwapokea yeye walipozaliwa, kwa hiyo alikuwa anawafahamu tangu wakiwa hawajui kulala.

Mkandarasi alikuwa na gari lenye vipaza sauti vinne. "Maji mlangoni!" lilisema gari. "Foleni ni mambo ya jana! Bomba la mtaa kule chini tutalipumzisha!" Halikuficha kitu. Mabomba yangefuata barabara ya juu, kwenye nyumba zenye mageti, na mabomba yenyewe yangetoka ghalani kwake. Kila mtu aliyajua hayo, na kila mtu alisema kura yake ni ya mkunga. Fundi cherehani alimshonea mkunga vitambaa vya kichwa bure, akavigawa mtaa mzima, na mtaa mzima ukavivaa.

Gari lilipopita mara ya kwanza, ndoo ya fundi ilijigeuza ikaangalia barabarani. Ndoo haina mbele wala nyuma, lakini ile ilijigeuza. Kisha ikatoka kwenye foleni, ikalifuata gari mpaka kwenye daraja. Nyingine zikafuata, zikigongana kidogo. Gari lilipopotea zilirudi, kila moja mahali pake, bila kugombania.

Koki akamwita fundi. "Fundi, ndoo yako ilitoka kwenye foleni."

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Basi zamu yangu ipo palepale," alisema fundi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kila gari lilipopita mambo yalikuwa hayohayo. Iliyokwenda mbali kuliko zote ilikuwa ndoo nyeusi ya muuza mkaa, aliyeishi chini kabisa, bondeni, mahali ambapo hata mvua ilifika imechelewa. Koki alimngoja aje kuchota.

"Baba, mabomba ya mkandarasi hayafiki kwako."

"Najua, mwanangu. Nina macho."

"Sasa ndoo yako inamfuatia nini?"

Muuza mkaa alijikuna shingo. "Yule ni wa kwetu. Bibi yake na bibi yangu walichota kisima kimoja. Mtu wa kwetu akipata, hata mimi nimepata."

"Utakuwa umepata nini?"

"Hilo ndilo tatizo la vijana, mnataka kila kitu kishikike." Akacheka, akajitwika ndoo. "Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Kura ni ya mkunga. Hii ni plastiki tu, inafuata kelele."

Dada yake Koki naye alikuja, kitambaa cha mkunga kichwani. Aliishi barabara ya juu, nyumba yenye geti, na mume wake aliendesha lori. Alikuwa amemletea mama dawa ya kuchua magoti.

"Dada, na wewe kura yako?"

"Swali gani hilo, mdogo wangu? Nimnyime mama yangu chumba? Mimi nimezaliwa na nyoka?"

Koki alitazama nyuma ya bega la dada yake. Ndoo ya bluu yenye mfuniko ilikuwa inapanda barabara, polepole, kama mtu aliyebeba mimba.

"Ndoo yako inaondoka," alisema.

"Itarudi," alisema dada, akaingia ndani kumchua mama.

Siku ya kupiga kura jua lilitoka na hasira. Kituo kilikuwa shule ya msingi, na mlango ulichelewa kufunguliwa. Watu walisimama kidogo, wakatazamana, kisha wakafanya walivyozoea. Walichukua ndoo zao, wakatia kadi zao za kura ndani, wakazipanga kwenye mstari, wakaenda kunywa chai. Koki mwenyewe aliibeba ndoo ya mama yake, kadi ikiwa ndani, kwa sababu ya yale magoti, akaiweka nyuma yake. Mbele yake ilikaa ndoo ya bluu ya dada. Watu wenye miguu kwenye foleni ile walikuwa wawili tu. Koki alikuwa hapo katikati, na mkunga alikuwa mwishoni, kwa kuwa alitoka kumwangalia mjamzito.

Mlango ulipofunguliwa, msimamizi wa kituo, ambaye alikuwa mgeni, alisimama na kalamu yake.

"Afande, hizi ni nini?"

"Ni watu, mkuu," alisema polisi wa mlangoni, ambaye alikulia mtaa ule. "Hapa kwetu ndoo ya mtu ni mtu mwenyewe."

Msimamizi alifungua kitabu cha taratibu, akakipekua mbele na nyuma, hakuona mahali palipokataza ndoo. Akaziita kwa zamu. Kila moja ilisogea, ikasomewa jina kwenye kadi, ikawekewa karatasi ya kura ndani, ikaenda nyuma ya pazia. Ikitoka, karatasi ilikuwa imekunjwa. Wino walizipaka kwenye mshikio. Zoezi lilikwenda vizuri. Msimamizi alisema hajawahi kuona wapiga kura wenye utulivu kiasi kile.

Waliorudi kutoka kwenye chai walizikuta ndoo zao zimekaa chini ya ukuta kivulini, zimemaliza. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alitoa kadi yake, akaifuta vumbi, akachukua ndoo akaenda zake.

Matokeo ya kituo yalisomwa jioni. Mkandarasi alipata kura zote isipokuwa mbili. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga vizuri, akasema inabidi aende, binti wa fundi cherehani ameshikwa na uchungu.

"Utakwenda kwa fundi?" mtu mmoja alimuuliza.

"Mtoto anayekuja hana kadi," alisema mkunga. Akaenda, na yule mtoto akazaliwa salama.

Kesho yake walikuja kibandani mmoja mmoja kumpa Koki pole, kama wanaokwenda msibani.

"Laiti ningekuwepo," alisema fundi. "Lakini mimi nilikuwa nakunywa chai. Nimeshangaa kusikia!" Aliipiga ndoo yake kofi. "Nilivyokuamini, wewe!" Ndoo haikujitetea.

"Plastiki," alisema muuza mkaa, akitikisa kichwa. "Plastiki haina shukrani."

Dada alikuja na kitambaa bado kichwani. Alimkumbatia Koki kwa muda mrefu. "Mdogo wangu, Mungu ni shahidi, mkono wangu haukugusa karatasi ile." Na ilikuwa kweli. Vidole vyake vyote vilikuwa safi.

Walipokwisha kuondoka, Koki alifunga dirisha akakaa. Kura mbili. Moja ni ya mkunga. Moja ni yake, aliipiga kwa mkono wake, na wino ulikuwa bado kwenye kucha. Alihesabu tena, ikawa vilevile. Akageuka akatazama ndoo iliyokaa karibu na kitanda cha mama yake, mshikio wake umepakwa wino.

"Mama," alisema.

Mama alikuwa amelala amegeukia ukutani. "Uliipanga wewe mwenyewe, mwanangu. Mimi nilikuwa hapahapa kitandani."

"Niliipanga mimi."

"Basi."

Nje mtu aligonga bati akitaka maji, akachoka, akaondoka.

"Kwa dada yako choo kiko ndani," alisema mama baadaye, bado akiutazama ukuta. "Na bomba litaingia mpaka jikoni. Magoti haya hayajui siasa. Ningekuambia, lakini ungelia."

"Silii."

"Naona. Nikande basi, yameanza tena."

Koki alichukua dawa akamkanda.

Bomba la mtaa lilipumzishwa kabla ya mvua. Mafundi wa mkandarasi waling'oa kibanda, na chumba kikaenda na kibanda. Mtaro ulichimbwa barabara ya juu, kutoka geti mpaka geti, na mabomba mapya ya mkandarasi yakalazwa ndani. Muuza mkaa alisimama akauangalia ukipita mbali na bonde. "Angalau ni wa kwetu," alisema. Siku hizi anapanda kilima na ndoo yake nyeusi, anashuka nayo, na katikati anapumzika. Ndoo husubiri.

Dada alimhamishia mama kwake. Koki alikuwa mtu mzima, alisema, na nyumba ilikuwa ndogo. Koki akapata kona nyuma ya cherehani ya fundi, akawa anashona vifungo na kulala hapohapo, na wakati wa usiku mjukuu wa fundi akilia, yeye ndiye aliyeamka.

Nje ya geti la dada palikuwa na bomba, na wa chini wote walinunua hapo. Ndoo zilipangwa kama zamani. Siku ya kwanza Koki alipopanga yake, dada alitoka akamshika bega mbele ya watu.

"Huyu si mtu wa nje," alitangaza. "Huyu atalipa nusu."

Watu wakasema dada ana roho nzuri. Zamu ya Koki ilipofika alisogea. Kwenye kiti kando ya bomba alikaa mama yake, magoti yamefunikwa kanga safi, funguo mkononi. Uso wake ulikuwa umejaa kidogo. Koki alimsalimia, naye akaitikia. Mama akapokea ile nusu, akaitia kwenye kopo, akafungua. Maji yalitoka kwa nguvu nzuri.

"Usijaze sana," alisema mama. "Kuna watu nyuma yako."